Breki laini baada ya kubadilisha paipu: upepo hujificha wapi, na hutolewaje

Paipu mpya zimefungwa, mafuta mapya yamejazwa, leva imepigwa pampu mpaka vidole vimekufa ganzi, na bado inagusa usukani bila ubishi. Hapo wengi huilaumu pampu ya breki, wakanunua sili mpya na kufungua kila kitu upya. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna upepo kidogo umekaa mahali ambapo kupiga pampu peke yake hakuufikii, na ukishapajua mahali penyewe, kazi iliyobaki ni ya dakika chache.

Maelezo haya yanahusu hasa breki ya diski ya mbele, yenye kalipa (kile kibano chenye pedi kinachoishika diski) moja au mbili, kwenye pikipiki isiyo na ABS, yaani mfumo wa umeme unaozuia gurudumu kujifunga. Breki ya nyuma na ABS zina mambo yake, nazo zimetajwa baadaye.

Hesabu mbili za kujua kwanza

Tuchukue pampu ya mbele, ile ya kwenye usukani inayosukumwa na leva, yenye pistoni ya kipenyo cha mm 14. Uso wa pistoni hiyo una eneo la takriban mm² 154, kwa hiyo ikisogea mm 10 inasukuma mafuta ya ml 1.5 tu, kiasi kisichofika hata nusu ya kijiko cha chai. Upande wa pili kuna kalipa yenye pistoni mbili za mm 27, jumla ya eneo mm² 1,145 hivi. Uwiano wake ni 7.4 kwa 1. Nguvu inazidishwa mara 7.4, lakini mwendo nao unagawanywa kwa 7.4: pistoni ya pampu ikienda mm 10, za kalipa husogea mm 1.3 hivi. Hakuna ziada ya kuchezea hapo.

Sasa tia kiputo cha upepo cha ml 1 ndani ya mfumo huo. Shinikizo likifika mara 20 ya lile la hewa ya kawaida, kiputo kinasinyaa hadi sehemu moja ya ishirini. Maana yake, katika ile ml 1.5 uliyosukuma, ml 0.95 imeishia kukibana kiputo na si kuzisogeza pedi. Leva imekula karibu theluthi mbili ya safari yake bure. Mafuta yenyewe yakibanwa kwa shinikizo hilohilo hayapungui kiasi cha kuonekana, na ndiyo sababu breki iliyotolewa upepo vizuri hukaza ghafla mahali palepale kila unapoishika.

Hesabu ya pili ndiyo inayosahaulika. Paipu nyingi za breki zina uwazi wa ndani wa takriban mm 3.2. Paipu yenye urefu wa mita 1 hubeba ml 8 hivi. Kwa kuwa leva moja kamili inasukuma ml 1.5, kila ukibana, mafuta ndani ya paipu yanasogea kama sentimita 19 tu. Kiputo kilichopo juu ya paipu kinahitaji kusukumwa mara tano au sita mfululizo ndipo kifike kwenye kalipa. Na upepo hupanda juu wenyewe. Ule muda unaofunga nipeli (kile kijiskrubu cha kutolea upepo kwenye kalipa), unaachia leva na kujiandaa kubana tena, kiputo nacho kinapanda kurudi kilikotoka. Ukifanya kazi taratibu unaweza kumaliza chupa nzima ya mafuta huku kiputo kikipanda na kushuka katika nusu mita ileile.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu: kuushusha upepo kwa kasi kuliko unavyopanda, au kuuacha upande na kuufungulia mlango wa juu. Mbinu zote utakazosikia zinaangukia mojawapo ya hizo.

Lini paipu zimechoka

Watengenezaji kadhaa wa Kijapani huagiza paipu za mpira zibadilishwe kila baada ya miaka 4, na mafuta ya breki kila baada ya miaka 2, hata kama pikipiki haijatembea sana. Nyufa ndogo karibu na vichwa vya paipu, unyevunyevu pale mpira unapoingia kwenye chuma, au mpira unaovimba ukibanwa leva kwa nguvu, zote ni sababu za kutosha za kubadilisha siku hiyohiyo.

Kuna ubovu mwingine usioonekana kwa nje. Tabaka la ndani la mpira huvimba au huchubuka, kipande kikakaa kama kizibo cha njia moja: mafuta yanashuka kwa nguvu ya mkono lakini hayarudi. Dalili yake ni gurudumu linaloendelea kubanwa baada ya kuachia leva. Kupima ni rahisi. Gurudumu likiwa limebanwa, legeza bolti ya paipu pale kwenye pampu, kitambaa kikiwa chini yake. Gurudumu likiachia, tatizo lipo kwenye pampu. Lisipoachia, fungua nipeli ya kalipa. Likiachia hapo, shinikizo lilifungwa ndani ya paipu. Lisipoachia hata hapo, ni pistoni za kalipa au pini zake zimeganda, na paipu mpya haitakusaidia kitu.

Kuchagua paipu

Paipu za mpira ni nzuri zikiwa mpya, usikubali kuambiwa vingine. Paipu zilizovikwa nyavu za chuma kisichoshika kutu, zenye mrija wa ndani wa plastiki aina ya PTFE, huvimba kidogo kuliko za mpira zikibanwa, kwa hiyo leva huwa na jibu la haraka na halibadiliki sana joto likipanda. Breki yenyewe haiongezeki nguvu, kwa sababu uwiano wa pistoni ni uleule. Kinachoongezeka ni hisia mkononi. Ubaya wake ni kwamba nyavu tupu zisizo na ganda la plastiki ni msasa: zikigusana na rangi, waya au plastiki, kwa mtikisiko wa safari zinakata taratibu. Nunua zenye ganda.

Tafuta maandishi ya DOT au SAE J1401, ambayo ni alama za viwango vya Marekani, kwenye paipu. Epuka paipu zilizoundwa kwa vichwa vya kukaza kwa mkono isipokuwa zimekuja kama seti kamili na maelezo yake.

Urefu usipimwe pikipiki ikiwa imekaa tu. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, na inua pikipiki ili shokapu za mbele zining'inie zote. Urefu sahihi ni ule usiovutika katika hali yoyote kati ya hizo, na usiofanya kitanzi kinachoweza kugusa tairi shokapu zikizama. Ukiweka usukani wa juu kuliko wa awali, urefu wa kiwandani hautoshi. Angalia pia pembe ya jicho la paipu, yaani ile pete ambamo bolti hupita. Kuna majicho yaliyonyooka na yaliyopinda kwa nyuzi 20, 45 au hata 90, na jicho la pembe isiyo sahihi huilazimisha paipu kujikunja palepale penye unganiko, mahali inapovunjikia.

Bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati ya kupitishia mafuta, huja kwa vipimo viwili vinavyofanana kwa macho: M10×1.25, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za Kijapani, na M10×1.0, ya Brembo na nyingi za Ulaya. Bolti ya 1.25 ikiingizwa kwenye tundu la 1.0 huingia mzunguko mmoja au miwili kisha hukwama, na mwenye haraka huchukua spana na kuharibu nyuzi za alumini. Izungushe kwa vidole peke yake mpaka ifike karibu na mwisho. Ikikataa kwa vidole, si yake.

Mafuta

Kipimo kimeandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, kile cha kuwekea mafuta kwenye pampu. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja, zote za glaikoli, na kiwango cha chini cha kuchemka kwa yaliyo mapya ni 205°C kwa DOT 3, 230°C kwa DOT 4 na 260°C kwa DOT 5.1. Yakishanyonya maji, kiwango hushuka mpaka 140°C, 155°C na 180°C kwa mfuatano huohuo. Hicho ndicho kipimo rasmi cha mafuta yenye maji asilimia 3.7 hivi. Maji hayo huingia polepole kupitia mpira na kikopo. Mlima mrefu wa kuteremka ukiyachemsha, mvuke unazaliwa ndani ya kalipa, na tunarudi kwenye hesabu ya kiputo, safari hii ukiwa barabarani.

DOT 5 ni kitu tofauti kabisa. Ni silikoni, na haichanganywi na hizo nyingine licha ya jina kukaribiana na 5.1. Oili ya injini, ya shokapu au grisi ya kawaida isiguse mfumo huu, kwani huvimbisha sili za mpira na kuua pampu na kalipa kwa mpigo.

Chupa ya ml 250 iliyofungwa inatosha breki ya mbele, kusafisha na kujaza, ikabaki. Iliyokaa wazi miezi kabatini imekwisha kunywa unyevu wa hewa, itupwe. Na kwa kuwa mafuta haya hula rangi, weka ndoo ya maji karibu. Glaikoli huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo tone likidondoka kwenye tangi mwagia maji mengi papo hapo, usisugue kwa kitambaa kikavu. Vaa miwani ya kinga. Mrija uliochomoka kwenye nipeli hurusha moja kwa moja usoni.

Kabla ya kufungua chochote

Jaribu nipeli kwanza. Ikiwa nipeli ya kalipa imekamatwa na kutu, ni afadhali uijue wakati breki ya zamani bado inafanya kazi kuliko baada ya kutoa kila kitu. Ipake dawa ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, tumia spana ya pete au soketi ya pembe sita (mara nyingi namba 8, wakati mwingine 7, 10 au 11), na gonga kichwa chake kidogo kwa nyundo kabla ya kuvuta. Ikianza kujipinda badala ya kuzunguka, acha. Nipeli iliyokatikia ndani ya kalipa ni kazi ya fundi mwenye mashine.

Skrubu za kifuniko cha kikopo nazo zina sifa mbaya. Ni laini, na kwenye pikipiki za Kijapani msalaba wake unahitaji bisibisi ya JIS, yaani ya kiwango cha Kijapani. Ile ya kawaida huteleza na kuukwangua. Bonyeza chini kwa nguvu, zungusha kwa mkupuo mfupi.

Legeza kidogo bolti zote za banjo, robo mzunguko tu, wakati kalipa bado imefungwa kwenye shokapu na pampu kwenye usukani. Ukishaitoa kalipa huna pa kushikia. Kisha funika tangi na sehemu za rangi, ukaanza kuyatoa mafuta ya zamani: yanyonye kwenye kikopo kwa bomba la sindano, unganisha mrija angavu wa mm 5 kwenye nipeli, ufungue, na piga leva mpaka mfumo ukauke. Huu ndio wakati wa kutazama chini ya kikopo. Ukiona matope meusi au chembe za chumvichumvi, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na angalia vijitundu viwili vya chini. Kile kidogo kabisa, chenye upana wa sindano nyembamba, kina kazi kubwa ambayo tutairudia.

Jambo la tahadhari kwa pampu kuukuu: usiipige leva mpaka mwisho isipokuwa umeondoa uchafu. Sehemu ya ndani ambayo pistoni haijaifika kwa miaka huota kutu au ukoko, na sili ikipita hapo huchanika. Kuweka kipande cha mbao nyuma ya leva ili isifike kwenye usukani ni kinga nzuri.

Kufunga paipu, na habari ya washa

Uvujaji mwingi wa baada ya kazi hautoki kwenye paipu. Unatoka kwenye washa, zile pete bapa za kuziba. Jicho moja la paipu linahitaji washa mbili, moja kila upande. Mahali ambapo paipu mbili zinashika bolti moja panahitaji washa tatu: nje, katikati na ndani, na bolti yenyewe ni ndefu kuliko ya kawaida, ina jozi mbili za matundu.

Kosa linalowashinda watu macho ni hili. Washa ya zamani hubaki imeganda kwenye uso wa kalipa au pampu, imelala bapa, ina rangi ya uchafu uleule, unaona kama ni sehemu ya alumini. Unaweka washa mpya juu yake, unakaza, inavuja. Unakaza zaidi, inavuja, mwishowe unakata bolti. Kabla ya kufunga, pitisha ukucha kuzunguka tundu. Ukigusa ngazi ndogo ya kama mm 1, hiyo ni washa; ibandue kwa ncha ya kisu bila kukwaruza uso ulio chini.

Washa za shaba huziba kwa kujibonyeza kufuata mikwaruzo midogo ya chuma. Zikishabonyezwa mara moja zinakuwa ngumu. Wapo wanaozichoma mpaka ziwe nyekundu iliyofifia ili zilainike, na kwa shaba inafanya kazi, lakini kwa bei ya washa sioni sababu ya kuipa breki nafasi ya pili ya kuvuja.

Panga paipu njia yake yote kwanza, pitisha kwenye vishikio vyake vyote, ndipo uingize bolti. Jicho lilale pembe inayofanya paipu isijizungushe. Paipu ya nyavu haipendi kusokotwa: shika jicho kwa mkono mmoja wakati unakaza, kwa kuwa bolti hujaribu kulizungusha. Kaza kwa kiwango cha kitabu cha ufundi cha pikipiki yako. Kwa bolti za chuma za M10 vitabu vingi vya Kijapani hutaja kati ya Nm 23 na 35. Bolti za alumini au titani zina kiwango chake kutoka kwa mtengenezaji, mara nyingi cha chini. Nipeli ni Nm 5 mpaka 8 tu. Hiyo ni nguvu ya vidole vitatu kwenye spana fupi, na wengi huzidisha mara nne.

Kutoa upepo

Sukuma pistoni za kalipa zirudi ndani kabisa kabla ya kujaza, baada ya kuzisafisha kwa brashi na maji ya sabuni. Kila mm ya pistoni iliyotoka nje ni nafasi tupu ndani ya kalipa ambamo upepo hupata chumba.

Njia ninayoipendekeza kwa paipu mpya tupu ni kujaza kutoka chini. Jaza bomba la sindano la ml 50 mafuta mapya, toa viputo vyake vyote, unganisha na mrija uliojaa mafuta kwenye nipeli, fungua nipeli nusu mzunguko na sukuma taratibu. Mafuta yanapanda kwenye kalipa, kwenye paipu, yanatokea kwenye kikopo yakiusukuma upepo mbele yake, njia ambayo upepo wenyewe unaitaka. Tazama kikopo kisifurike. Ukisukuma kwa nguvu, mrija utachomoka. Funga nipeli kabla ya kuchomoa bomba. Kwa kalipa mbili, fanya moja kisha nyingine.

Huna bomba? Kwanza jaza kikopo, fungua nipeli, na acha mafuta yashuke yenyewe kwa uzito wake kwa dakika kadhaa, ukipiga leva fupifupi. Kisha rudi kwenye njia ya kawaida: bana leva na uishikilie, fungua nipeli robo mzunguko, leva ishuke, funga nipeli ikiwa leva bado imebanwa, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, pampu inanyonya hewa kupitia mrija na umerudi ulikoanza. Mpangilio huo urudiwe haraka, bila mapumziko, kwa sababu ya ile hesabu ya sentimita 19. Kikopo kisishuke chini ya alama ya MIN hata mara moja. Kikifika mwisho pampu inameza hewa na kazi yote inaanza upya.

Wanaotumia pampu ya kunyonya kwenye nipeli mara nyingi huona viputo visivyokwisha. Hivyo havitoki ndani ya breki. Hewa inapenya kwenye nyuzi za nipeli iliyofunguliwa. Mkanda mwembamba wa PTFE kwenye nyuzi, mbali na ncha inayoziba, huuondoa udanganyifu huo.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Mafuta yanatoka safi kabisa chini, hakuna kiputo, na leva bado laini. Tazama unganiko la paipu na pampu. Kwenye usukani mara nyingi paipu hutoka kwenye pampu ikipanda kidogo kabla ya kuteremka, na kile kilele kidogo ndicho mahali pa juu kabisa katika mfumo. Upepo umekaa hapo. Haushuki kwa sababu ni mwepesi, haurudi kwenye kikopo kwa sababu tundu la pampu liko chini yake. Dawa yake ni kuutoa hapohapo. Zungushia kitambaa bolti ya banjo ya pampu, bana leva, legeza bolti kiasi cha moja ya nane ya mzunguko mpaka uone povu, kaza, achia. Rudia mara mbili tatu mpaka yatoke mafuta matupu, kisha kaza kwa kiwango chake. Pampu nyingine zina nipeli yake juu. Itumie hiyo badala ya bolti. Kugeuza usukani, au kulegeza pampu na kuinamisha ili unganiko liwe chini ya kikopo, hufanya kazi ileile.

Baada ya hapo ondoa viputo vidogo kwa upole. Bana leva kwa mm chache tu, iachie, mara nyingi, ukitazama ndani ya kikopo. Utaona vijiputo vyembamba vikipanda kutoka kile kitundu kidogo. Kitundu hicho huwa wazi leva ikiwa imeachiwa kabisa tu, kwa hiyo kubana kwa nguvu kunakifunga mapema na hakuna kinachopita. Gonga paipu na kalipa kwa mpini wa bisibisi. Viputo vilivyonata kwenye kuta huachia.

Ule ushauri wa kuifunga leva kwa mkanda usiku kucha una ukweli nusu. Shinikizo hulifanya povu dogo lisinyae na kubanduka kwenye kuta, na ukifungua asubuhi kinachopanda hutoka kwa kile kitundu. Lakini hauwezi kumaliza kiputo kikubwa kilichobaki kwenye kilele cha paipu. Leva ikiwa ngumu asubuhi na laini tena jioni, rudi kwenye bolti ya juu.

Leva inakuambia nini

Leva laini inayokaza ukiipiga haraka mara mbili tatu, kisha kulegea tena ukisubiri, ina upepo. Ikiwa inakaza kwa kupigwa na kubaki hivyo, pengine pedi zilikuwa mbali na diski tu. Leva inayokaza vizuri kisha kuzama polepole mpaka kwenye usukani huku umeishikilia haina upepo: ama kuna unganiko linavuja, ama sili ya pampu inapitisha. Kausha kila unganiko kwa tishu, bana kwa nguvu dakika moja, na gusa tena kwa tishu mpya. Tishu zikibaki kavu, sili ndiyo mkosaji.

Ikiwa leva ni ngumu kabisa, haina hata mm chache za kucheza, na gurudumu linazidi kubana kadiri breki inavyopata joto, skrubu ya kurekebisha leva imeikaza pistoni isirudi nyuma ya kile kitundu. Mafuta yanapopanuka kwa joto hayana pa kurudi. Hili hutokea sana baada ya kufunga leva za dukani zisizo za asili.

Na wakati mwingine upepo haupo kabisa: diski iliyopinda husukuma pedi mbali, pedi zimelika upande, au pini za kalipa zimekauka na kalipa nzima inapinda kidogo kila ukibana. Ukishatoa upepo sawasawa mara mbili na leva haijabadilika, acha mafuta na ukatazame chuma.

Nyuma, na ABS

Kalipa ya nyuma mara nyingi hukaa pembe ambayo nipeli si mahali pa juu kabisa. Ing'oe kwenye kishikio chake, inue nipeli itazame juu, weka kipande cha mbao chenye unene wa diski katikati ya pedi, toa upepo, irudishe.

Kwenye ABS, paipu hupita kwenye kifaa chenye vali na pampu ya umeme. Usiuache mfumo ukauke kama tulivyofanya hapo juu; badilisha paipu moja moja haraka, ncha zikiwa zimezibwa. Upepo ukiingia kwenye kifaa hicho, baadhi ya pikipiki zinahitaji kompyuta ya fundi ili kuzifungua vali zake. Breki zilizounganishwa mbele na nyuma nazo zina mpangilio maalumu wa nipeli zipi zianze, na mpangilio huo uko kwenye kitabu cha ufundi, haukisiwi.

Kabla ya kutoka

Jaza kikopo mpaka alama ya juu, kunja vizuri kiwambo cha mpira kabla ya kufunga kifuniko, osha kila mahali palipodondokewa. Pedi zilizolowa mafuta ya breki zitupwe. Kuzichoma au kuziosha hakuziponyi. Diski isafishwe kwa dawa ya kusafishia breki. Piga leva mpaka pedi zishike, angalia taa ya breki inawaka, geuza usukani pande zote mbili ukitazama paipu, na hakikisha gurudumu linazunguka huru.

Jaribu kwanza kwa mwendo wa kutembea, mahali patupu, mara kadhaa, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Siku ya pili bana leva kwa nguvu zote kwa dakika nzima na pitisha tishu chini ya kila bolti ya banjo. Tishu ikiwa na alama hata ndogo ya unyevu, usiikaze bolti zaidi ya kiwango chake. Ifungue, weka washa mpya, na utoe upepo tena kwenye unganiko hilo.